Maganda ya Ngazi za Kanisa

Alhamisi ya tarehe kumi na moja Julai, mwaka juzi, tulimpoteza Fundi Nyaga, mtu aliyenifundisha kufunga konkriti isinywe maji. Alifia kwake, chini kidogo ya Runyenjes, kifua kikiwa kimejaa baridi. Alizikwa na jina la Nyaga wa Maganda, ambalo alikuwa amelibeba miaka kumi na moja. Jina hilo lilikuwa langu. Nililijua hilo siku zote nikitembea nyuma yake na ndoo.

Mimi nimestaafu Januari hii. Hakuna aliyeniandikia barua wala kunipa saa ya ukutani. Ni magoti yaliyonistaafisha, na hayakutoa notisi. Kendi, ambaye sasa ndiye anaongoza kikundi chetu, aliniambia, "Mama Wawira, tuandikie vile mlikuwa mnafanya na Mzee. Sisi tunasoma maagizo yote kwa mkebe na bado kazi inabambuka." Basi ninaandika. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hivyo msitafute maneno makubwa humu.

Nilianza kwa kuchota maji. Kulikuwa na nyumba ya wageni upande wa Meru, juu ya msitu wa mianzi, na kontrakta alitaka wanawake wa kubeba ndoo kwa sababu, alisema, wanawake hawalalamiki. Asubuhi ya kwanza nilikuta kioo ndani ya ndoo yangu. Nikauliza nani ameniwekea kioo. Mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo ni barafu, mama. Wewe ni wa wapi?"

"Runyenjes."

"Kumbe nyumbani kwetu ni kumoja. Kuja uone."

Akamwaga maji kidogo kwenye kijia cha konkriti cha wageni. Maji yalipotea kana kwamba yameitwa.

"Hii kitu ina kiu," alisema. "Mchana inakunywa. Usiku yale maji yanakuwa barafu, na barafu inataka nafasi kubwa kuliko maji. Asubuhi unakuta ngozi ya juu imeinuka. Mwaka wa pili, kokoto ziko nje. Wageni wanajikwaa na wanadhani ni viatu vyao."

Huyo alikuwa Nyaga. Kazi yake ilikuwa kupaka dawa inayozuia konkriti isinywe, ambayo sisi tunaiita sila. Alinipa brashi ya waya nisugue kijia chote, kila ukoga, kila vumbi, kila tone la mafuta ya gari. Nilisugua siku tatu. Siku ya nne nikamwuliza nitaanza lini kufundishwa kazi.

"Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Ile nyingine ni kupaka tu."

Hapo ndipo nilipotoka kwenye ndoo nikaingia kwenye brashi. Kontrakta aliposikia, alisema nitachoka mwezi mmoja. Yeye ndiye aliyechoka, akaenda kuuza magari.

Nitasema mambo ya vyombo kabla sijasahau. Sila ziko za aina mbili. Ipo inayong'aa, inayokaa juu kama ngozi. Ipo inayonywewa, inayoingia ndani na kuiacha konkriti na sura ile ile, kama vile hujafanya lolote. Ya pili ndiyo nzuri kwa huku kwetu karibu na mlima, na ndiyo isiyouzika, kwa sababu mwenye nyumba anataka kuona kitu. Tuliipuliza kwa pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia kahawa. Nunueni pampu mpya. Mimi niliwahi kuazima ya shemeji yangu, nikaisuuza mara moja tu, na veranda ya zahanati moja ikatoka na rangi ya samawati kama majani ya kahawa yaliyotoka kupulizwa. Daktari alisema imependeza. Nyaga alisema nisimwambie daktari ni dawa ya kahawa, isipokuwa akiuliza. Hakuuliza.

Jambo lingine ni jua. Huku juu unalingoja, huko chini Kiambere, penye bwawa na joto, unalikimbia. Kule bwawani nimeona sila ikikaukia kwenye brashi kabla haijagusa sakafu. Kwa hivyo ukiwa chini, anza alfajiri na uwe umemaliza kabla ya chai ya saa nne. Ukiwa juu, kunywa chai kwanza, kisha unywe nyingine.

Kubwa kuliko yote ni nailoni. Konkriti mpya ingoje siku ishirini na nane, na hata baada ya hapo usiiamini. Chukua kipande cha nailoni kinachotoshana na meza ndogo, ukibandike kwa selotepu pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Ukikitoa ukute chini yake kuna matone, au konkriti imekuwa nyeusi, funga ndoo uende nyumbani. Nyaga hakuwahi kuuliza kama mahali pamekauka. Aliuliza, "Nailoni inasemaje?"

Sasa nafika kwenye ngazi.

Kanisa lilikuwa juu kwenye majani chai, karibu na mpaka wa msitu. Lilikuwa limejengewa ngazi kumi na nne mbele, pana, zinazotazama mlima. Zilimwagwa mwishoni mwa Juni. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mwalimu Ireri, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata akienda kulisha ng'ombe. Alimwita Nyaga mbele ya kamati, nami nilikuwepo.

"Fundi, hii dawa yako ikishapakwa inaonekanaje?"

"Haionekani, Mwalimu. Inaingia ndani."

"Haionekani." Akawatazama wenzake. "Sasa askofu atajuaje kama tumepaka?"

"Akirudi baada ya miaka kumi atakuta ngazi bado ziko."

"Askofu anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na moja, Fundi. Haji baada ya miaka kumi. Tunataka ile inayong'aa."

Nyaga aliwaeleza kwamba ni Julai, kwamba ukungu haujaondoka wiki mbili, kwamba konkriti haijatimiza hata mwezi. Mwalimu Ireri alimwambia kanisa litaomba kuhusu hali ya hewa. Nyaga akasema yeye hana shida na maombi, ila atatazama nailoni pia.

Jumatano kabla ya askofu kuja aliitwa Kiambere, tangi la shule lilikuwa linavuja. Aliniachia kazi peke yangu, mara ya kwanza. "Ijumaa asubuhi utazame nailoni," alisema. "Ikiwa na maji, askofu atapanda ngazi za kijivu. Hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima zing'ae."

Alhamisi akaja Mama Njura, mwenyekiti wa kina mama. Aliweka kiganja kwenye ngazi ya kwanza.

"Ai! Hii iko baridi kama chura. Tukingoja hivi itakauka Krismasi. Mama Wawira, jiko haziwezi kuikausha?"

Ningepaswa kusema hapana. Nilisema, "Sijui, tunaweza kujaribu." Kufikia adhuhuri walikuwa wanapanda kilima, kila mmoja na jiko lake kichwani na gunia la makaa mgongoni. Nilihesabu majiko thelathini na manne kisha nikaacha. Ngazi nyingine zilipata matatu, nyingine mawili, turubai juu, kina mama wakipepea kwa vifuniko vya sufuria huku wakiimba. Kwa kuwa moto ulikuwapo, mmoja alichoma mahindi na mwingine akapika chai. Nadhani hakuna ngazi nyingine za kanisa zilizowahi kupikiwa hivyo. Na zilikauka! Ilipofika saa kumi zilikuwa nyeupe, zina joto kama maandazi. Walipiga vigelegele. Nikabandika nailoni kwenye ngazi ya tano na kwenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi nilipofika walikuwa wananingoja, macho mekundu kwa moshi, masizi hadi kwenye viwiko. Niliinama nikabandua selotepu. Chini ya nailoni palikuwa na matone kama ya kifuniko cha sufuria ya githeri.

Nawaelezea vijana sababu. Moto wa juu unakausha ngozi. Maji ya ndani hayana habari. Ukifunga juu, unayafungia ndani, na jua likitoka yatatafuta njia.

"Imekauka?" Mama Njura aliuliza nyuma yangu.

Hapo simu ikalia. Nyaga.

"Nailoni inasemaje?"

Mgongo wangu ulikuwa kwa kina mama, hakuna aliyeona. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikapangusa yale matone.

"Kavu, Fundi."

"Kavu kabisa?"

"Kabisa."

Kina mama walicheka kwa furaha, wakanishika mikono. Nilipaka ile inayong'aa siku nzima, mikono miwili, yaani tabaka juu ya tabaka, na mchanga laini ndani ya mkono wa pili ili watu wasiteleze. Ilikuwa kazi safi. Sijawahi kupaka vizuri namna ile.

Nyaga alirudi Jumamosi jioni. Alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye ngazi, akakaa hivyo muda, kisha akaenda kunawa. Jumapili askofu alizipanda polepole na kusema ameona uso wake ndani ya konkriti. Watu walipiga picha. Mwalimu Ireri alipiga tatu.

Agosti zilikuwa bado zinang'aa. Septemba jua lilitoka. Kwanza yakaja mabaka meupe, kama ugonjwa wa ngozi. Kisha malengelenge. Kisha ikaanza kutoka vipande vizima, na watoto wa Sunday school walishindana nani atatoa ganda refu bila kulikata. Katekista alisema amekuta moja kwenye Biblia ya mtoto, limetumiwa kuonyesha ukurasa.

Nyaga aliokota ganda moja akaliinua kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa na maji chini yake. Nailoni ilisema nini ile siku?"

"Kavu."

"Basi nailoni za siku hizi zimeharibika," alisema. Hakuniuliza tena maisha yake yote.

Kamati ilituita. Mwalimu Ireri aliuliza nani anawajibika. Nilikuwa na maneno mawili tayari mdomoni, "ni mimi", na yalikuwa mafupi, hata mtu wa darasa la saba angeyamudu. Nyaga alisema kabla yangu, "Kazi ni yangu." Mwalimu akaandika kwenye daftari la mikutano. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba wakijua kosa lilikuwa la mwanamke, hakuna mwanamke mwingine atakayepewa brashi. Ni sababu nzuri. Kasoro yake ni kwamba niliitunga baadaye. Siku ile niliogopa tu, niliogopa kina mama wale na makaa yao, na niliogopa kurudishwa kwenye ndoo.

Jina la Nyaga wa Maganda lilianza sokoni Runyenjes na likamfika kabla ya mwisho wa wiki. Mke wake, Mama Murimi, anayeuza ndizi pale, alianza kuitwa Mama Maganda, na wanunuzi waliona ni mzaha mtamu sana kwa mtu wa ndizi. Makanisa hayakumwita tena. Tuliteremka Mitunguu tukafanya mifereji ya kunyunyizia mashamba na matangi ya maji. Kazi ile mtaiona mkipita, au tuseme hamtaiona, kwa sababu haivuji.

Februari iliyofuata alirudi kanisani bila kuitwa. Mvua ilikuwa mbali na kilima chote kilikuwa vumbi. Alisugua ngazi zote kumi na nne kwa brashi ya waya, nikisugua pamoja naye, akaweka nailoni siku mbili badala ya moja, kisha akapuliza ile inayonywewa. Ngazi mnazokanyaga mkienda pale leo ni zile alizozifunga yeye. Hazijatoka hata kokoto moja. Hakuna aliyewahi kuzitaja, maana hakuna cha kuona. Kwa hivyo mtu alifunga konkriti miaka thelathini, na kitu pekee alichojulikana nacho ni kile ambacho hakufanya.

Nilingoja nafasi nzuri ya kusema. Iliyokuja ilikuwa mazishi yake.

Nilikuwa nyuma na kina mama wa kupika, kwa sababu mfanyakazi mwenza wa marehemu hana hema lake. Mshereheshaji alikuwa kijana kutoka mjini, ana maikrofoni isiyo na waya na haogopi kuitumia. "Huyu mzee wetu," alisema, "alimenya hata konkriti kama ndizi!" Watu walicheka, kwa upendo, naweza kusema. Mama Murimi alikuwa anatazama udongo. Kisha wakaita wafanyakazi wenzake, dakika mbili. Nikaenda mbele na aproni ya jikoni.

Nilisema yote. Nilisema zile ngazi nilizipaka mimi, nikijua zina maji, na nikamdanganya kwenye simu. Nilisema wazi, bila kulia. Yule kijana alichukua maikrofoni mkononi mwangu kwa adabu.

"Mnaona? Mnaona vile watu walimpenda? Hadi wanataka kubeba makosa yake! Makofi kwa huyu mama!"

Wakapiga makofi. Nilirudi kukoroga mchuzi nikiwa nimesifiwa kwa uongo wangu mara ya pili.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa Mwalimu Ireri. Bado ni mwenyekiti wa kamati, bado ana tai. Nilimwomba daftari la mikutano la mwaka ule. Alilitafuta mpaka akalipata chini ya kitabu cha kwaya, akanisomea: "Fundi Nyaga alikubali kosa."

"Sasa andika kwamba lilikuwa langu."

"Mama Wawira," alisema polepole, "msiba unafanya mtu aseme mambo. Mimi mke wangu alipofariki niliomba msamaha hadi kwa paka."

"Huu si msiba, Mwalimu. Nailoni ilikuwa na matone. Nilipangusa kwa kitambaa cha kichwa, cha kijani, nilichonunua Embu. Kina mama walikuwa nyuma yangu, na jiko la Mama Njura lilikuwa ngazi ya tatu, mguu wake mmoja umevunjika, limewekewa jiwe."

Alivua miwani. Nadhani ni lile jiwe lililomshawishi.

"Kumbukumbu zilizothibitishwa hazifutwi," alisema.

"Usifute. Ongeza."

Alifikiri. "Lakini hata mimi ndiye nilisisitiza zing'ae."

"Hilo pia andika."

Hilo hakuliandika. Lakini la kwangu aliliandika lote, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na nikatia sahihi. Nikamwambia daftari linasomwa na watu watano, na jina la Nyaga lilichafuliwa na soko zima. Nilimwomba alisome kanisani. Alisema jambo hilo litaletwa kwenye kamati. Kamati ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena.

Jumapili waliyokubali, nilivaa nguo ya kawaida. Wakati wa matangazo Mwalimu Ireri alisimama. Akatangaza mazoezi ya kwaya, akatangaza mkutano wa wakulima wa majani chai, kisha akaniomba nije mbele na akasoma maneno yale neno kwa neno, pamoja na tarehe.

Kisha Mama Njura akasimama, sasa ana fimbo.

"Kwa hivyo ni makaa yetu yalikuwa na makosa?"

"Mama Njura, hatujasema makaa," alisema Mwalimu.

"Mimi nilileta jiko mbili! Na mahindi!"

"Tunajua, mama. Mahindi yalikuwa sawa."

Watu wakaanza kucheka, na wengine nyuma wakaanza kubishana kama ni majiko thelathini au arobaini. Kuhani aliomba utulivu. Mama Njura alinigeukia.

"Ungetuambia tu, wewe msichana," alisema. "Tungeenda nyumbani." Nina miaka sitini na mmoja. Akakaa.

Mwalimu Ireri akageuza ukurasa, akasema kwamba kuanzia leo kamati inaomba marehemu atajwe kwa jina lake, Fundi Nyaga, na akaendelea na matangazo ya harusi. Hakuna aliyeniambia nirudi mahali pangu, kwa hivyo nilibaki nimesimama pale mbele mpaka harusi zote mbili zikaisha, kisha nikaanza kutembea kurudi nyuma.

Mama Murimi, mjane wa Nyaga, alikuwa benchi la tatu, amejifunga kitambaa cheusi. Hakugeuza kichwa. Nilipofika karibu naye alisema, kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kwa mteja, "Umechelewa."

"Ndiyo," nikasema.

Akachukua mkoba wake uliokuwa kando yake kwenye benchi, akauweka chini, nikaketi.